Jangwa lililo chini ya mashamba yetu

Chimba shimo la choo kwenye uwanda wa juu wa Yangambi, halafu simama pembeni utazame ukuta wake. Juu kabisa kuna majani makavu na mizizi myembamba kama nywele. Chini yake kuna udongo mweusi, pengine upana wa kiganja kimoja, pengine viwili. Baada ya hapo weusi unakwisha. Kinachofuata ni udongo wa njano au mwekundu wenye mchanga mwingi, mita baada ya mita, na ni nadra kukuta jiwe. Mchimbaji atakuambia kazi ilikuwa rahisi. Mkulima anayejua kusoma shimo hatafurahi sana.

Mchanga huo ulitoka wapi? Mtu atasema mto uliuleta. Lakini wataalamu wa INEAC, ile taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1933 na ambayo leo tunaijua kwa jina la INERA, walipouchunguza udongo wa uwandani waliona kwamba sehemu kubwa yake ililetwa na upepo. Mwaka 1952 mmoja wao, Jean de Heinzelin, alichapisha kitabu juu ya udongo wa kaskazini-mashariki mwa bonde la Kongo. Katika jina lenyewe la kitabu aliweka jambo ambalo mtu wa Tshopo hawezi kulitazamia: kwamba nchi hii zamani iliwahi kugeuka jangwa.

Upepo haubebi mchanga mahali penye msitu. Ili mchanga uruke, lazima ardhi iwe wazi, kavu, bila mizizi ya kuishika. Kwa hiyo palikuwa na wakati, kabla ya babu wa babu zetu, ambapo fasi hii tunayoita nchi ya mvula haikuwa na msitu wa kuishika.

Katika mikutano ya ushirika tukianza kuzungumza habari za jangwa, watu wanacheka. Wanasema jangwa iko mbali, sisi tuko na mvula mingi, mnatusomesha nini? Ni swali zuri, na maandishi haya yanajaribu kulijibu. Tutakwenda hadi Sahara na kurudi. Safari ni ndefu kidogo, lakini mwisho wake ni shamba lako.

Kusini na kaskazini yetu

Tuanze na upande wa kusini. Jangwa la Kalahari linajulikana kuwa la Botswana na jirani zake, lakini mchanga wake umesafiri mbali kuliko jangwa lenyewe. Unaanza Afrika Kusini, unapita Angola, unaingia kwetu Kwango na Kasai, unafika hadi uwanda wa Bateke karibu na Kinshasa. Wataalamu wa ardhi wanauhesabu kuwa kati ya matandazo makubwa kabisa ya mchanga duniani. Wenye ndugu Kinshasa au Kananga wanaujua bila kujua jina lake: ni mchanga uleule unaokatika usiku wa mvula, ukafanya makorongo yanayomeza nyumba na barabara. Mchanga ule ukiwa chini ya nyasi na miti ulikaa miaka maelfu bila shida. Ulipovuliwa nguo, ndipo ulipoanza kutembea.

Upande wa kaskazini iko Sahara. Kutoka Kisangani nyoosha mstari kuelekea kaskazini, vuka Uele, pita Afrika ya Kati mpaka Darfur nchini Sudan. Baada ya kilomita 1,600 na kitu unaanza kuingia jangwani. Ni karibu sawa na urefu wa mto kutoka Kisangani hadi Kinshasa. Watu wetu wanaifanya safari hiyo ya boti kila mwezi na hakuna anayesema Kinshasa ni dunia nyingine.

Sahara ina kilomita za mraba zaidi ya milioni 9. Kongo yetu nzima, pamoja na ukubwa wake wote, ina milioni 2 na 345,000. Yaani ungeweza kuweka karibu Kongo nne ndani ya jangwa hilo. Kutoka Bahari ya Atlantiki hadi Bahari ya Shamu ni kama kilomita 4,800. Na wengi wanadhani yote ni vilima vya mchanga kama katika filamu. Siyo. Mchanga ni kama robo tu ya Sahara. Sehemu kubwa ni mawe, kokoto na majabali, na tena kuna milima. Emi Koussi, kule Tibesti nchini Chad, una zaidi ya mita 3,400, unakaribia Nyiragongo ya Goma kwa urefu, na wenyewe pia ni volkano.

Kinachoifanya jangwa ni mvula. Sehemu kubwa ya Sahara haipati hata milimita 100 kwa mwaka, na kuna fasi zinazokaa miaka bila tone. Yangambi inapata kama 1,800. Mvula ya siku mbili tatu nzito kwetu, kule ni mvula ya mwaka mzima.

Ukanda unaotenganisha jangwa na nchi ya majani unaitwa Saheli. Neno ni la Kiarabu, maana yake pwani, kwa sababu wasafiri wa ngamia waliiona Sahara kama bahari, na kufika penye majani ilikuwa kama kufika ufukweni. Ni neno lilelile lililozaa jina la Kiswahili, lugha ya watu wa pwani. Basi sisi tunaozungumza lugha hii Kisangani, katikati ya msitu, tumebeba ufuko mdomoni.

Ilikuwa kijani

Jambo ambalo wengi hawakufundishwa shuleni ni kwamba Sahara haikuwa hivi siku zote. Kati ya miaka kama 11,000 na 5,000 iliyopita ilikuwa na majani, mito, viboko na mamba. Huko Gobero, nchini Niger, mahali ambapo leo hakuna mtu anayeweza kuishi bila kubebewa maji, mwaka 2000 watafiti walikuta makaburi ya wavuvi. Karibu nao palikuwa na vyusa vya mfupa na mifupa ya samaki wakubwa. Mlokele yeyote angevitazama vyusa hivyo na kuelewa kazi yake bila kuambiwa.

Ziwa Chad wakati huo lilikuwa bahari ya ndani. Lilikuwa na kilomita za mraba zaidi ya 350,000, yaani ungeweza kuuzamisha mkoa mzima wa Tshopo na bado maji yakabaki. Miaka ya 1960 lilikuwa limeshuka hadi kama 25,000, na baada ya ukame wa miaka ya 1970 na 1980 likabaki chini ya sehemu moja ya kumi ya hapo.

Hapa kuna jambo linalotugusa moja kwa moja. Kampuni moja ya Kiitalia, Bonifica, ilitoa tangu miaka ya 1970 wazo linaloitwa Transaqua: kuchimba mfereji wa kilomita kama 2,400 na kuchota sehemu ya maji ya mito inayoingia upande wa kulia wa Kongo, yapelekwe Ziwa Chad. Wazo lilikaa kabatini miaka mingi, kisha likarudi mezani katika mkutano wa kimataifa wa Abuja, Februari 2018. Ndugu zetu wa Chad wana kiu ya kweli, hilo hatulikatai. Lakini kama maji yanayopita kwenu yanajadiliwa Abuja, ushirika wenye wavuvi na wenye mashamba ya bondeni unapaswa angalau kulijua jina hilo siku litakaposikika redioni.

Mali ya jangwa

Jangwa si maskini. Ni tajiri kuliko watu wengi wanavyofikiri, ila utajiri wake umefungwa ndani ya mawe na chini sana.

Kwanza maji. Chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad kuna mwamba wa mchanga uliojaa maji, eneo la kilomita za mraba kama milioni 2. Ni maji ya mvula za zamani, za wakati ule wa kijani na kabla yake. Libya ilijenga mabomba makubwa ya kuyavuta hadi pwani, na Benghazi ilianza kuyapata mwaka 1991. Shida ni kwamba hayajazwi tena. Ni kama kula mbegu.

Kuna chuma cha Zouérat nchini Mauritania, kinachosafirishwa kwa gari moshi lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili, njia ya kilomita kama 700 hadi bahari ya Nouadhibou. Sisi reli ya Kisangani–Ubundu ni kilomita 125 na tunajua inavyosumbua. Kuna uranium ya Arlit, Niger. Kuna mafuta na gesi, hasa Algeria na Libya. Kisima kikubwa cha Hassi Messaoud kiligunduliwa mwaka 1956. Gesi hiyo mkulima asiipite haraka, kwa sababu viwanda vinaitumia kutengeneza yurea, ile mbolea nyeupe ya punje ndogo. Ukiona mfuko wa yurea, unaona gesi iliyogeuzwa kuwa chakula cha mahindi.

Na kuna chumvi. Huko Taoudenni, kaskazini mwa Mali, watu bado wanakata chumvi ardhini kama mbao za mawe, ngamia mmoja anabeba mbao nne hadi Timbuktu. Bibi zetu wa msituni, ambao chumvi ya jangwani haikuwafikia, walichoma majani ya majini wakachuja majivu. Wazee bado wanaikumbuka ladha yake.

Lakini mali inayotuhusu sisi wakulima kuliko zote ni fosfati.

Chukua mfuko wa mbolea ya dukani ulioandikwa 17-17-17. Namba ya kwanza ni azoti, ile inayokuza majani. Ya tatu ni potasi, inayojaza mizizi na ndizi. Ya katikati ni fosfori, inayofanya mche uote mizizi haraka na mpunga ujaze punje. Azoti inaweza kutoka hewani: kunde, karanga na mukuna wanaikamata wenyewe. Fosfori haitoki hewani. Inatoka kwenye mwamba, na mwamba huo hauko kila mahali. Karibu asilimia 70 ya fosfati yote inayojulikana duniani imehesabiwa kuwa chini ya Moroko na Sahara Magharibi, nchi ambayo umiliki wake bado unagombaniwa. Kule Bou Craa, Sahara Magharibi, kuna mkanda wa mashine unaobeba fosfati kutoka mgodini hadi baharini, kilomita kama 100, ukipita juu ya mchanga mtupu. Jiwe lenyewe lilitokana na mabaki ya wanyama wa bahari iliyokauka zamani sana. Mifupa ya samaki wa kale, tukisema kwa ufupi.

Mbolea ya namna hiyo kufika Kisangani lazima ivuke bahari, bandari, mipaka, na baada yake barabara zenye matope au mto wenye michanga. Kila mkono unaoigusa unaongeza bei. Mwaka 2008 bei ya fosfati duniani ilipanda ghafla, ikarudi kupanda mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipoanza. Mkulima wa Bafwasende hakupigana na mtu, lakini bei ilimfuata.

Sehemu ya fosfori ya jangwa inasafiri bila feza. Kule Bodélé, Chad, kitanda kilichokauka cha lile ziwa kubwa, upepo unapuliza vumbi jeupe karibu mwaka mzima. Mwaka 2015 watafiti wa NASA walikadiria kuwa vumbi la Sahara linalovuka bahari na kuangukia msitu wa Amazon, Amerika ya Kusini, linabeba kama tani 22,000 za fosfori kila mwaka. Msitu mnene wa Brazili unalishwa kwa kiasi fulani na ziwa la Kiafrika lililokufa.

Kwa nini kwetu ni kinyume

Sasa turudi kwenye shimo letu.

Jangwani mali inakaa kwa sababu hakuna mvula ya kuiosha. Kwetu mvula inaosha miaka yote. Milimita 1,800 zinashuka kwenye udongo wa mchanga na kubeba potasi na chokaa kwenda chini, mbali na mizizi, hadi mtoni. Fosfori kidogo iliyopo inakamatwa na chuma kilichomo katika udongo mwekundu, mmea unabaki unaiona bila kuila. Ndiyo maana mgeni akitazama msitu wetu anasema ardhi hii ina nguvu, kumbe nguvu haiko ardhini. Iko juu: katika shina, katika matawi, katika majani yaliyoanguka mwezi uliopita. Msitu unakula majani yake wenyewe kabla mvula haijayaiba. Ile mistari myeusi ya kiganja kimoja ni sufuria. Ukiimwaga, chini yake kuna mchanga wa jangwa la zamani.

Si udongo wote wa Yangambi ulio sawa. Wataalamu waliugawa kwa majina ya mahali. Aina waliyoiita Yangambi, ya uwandani, ina udongo wa kushikana kidogo zaidi. Ile ya Yakonde ina mchanga zaidi, inachoka mapema zaidi. Mzee wa kijiji anaujua mgawanyo huo bila kitabu. Anajua ni wapi muhogo unavumilia mara mbili na ni wapi unakataa mara ya pili.

INEAC ilijaribu kuupangia jibu. Mashamba yalikatwa kwa mistari ya upana wa mita 100, mstari wa shamba na mstari wa msitu, ili mbegu za miti zirudi upesi, na ardhi ikapumzishwa miaka mingi. Kwa upande wa udongo wazo lilikuwa na akili. Kwa upande wa watu liliendeshwa kwa amri na adhabu, hivyo uhuru ulipofika watu waliliacha, na mtu hawezi kuwalaumu.

Leo kandokando ya barabara za Ituri, Buta na Ubundu, wengi wetu tunarudi kwenye shamba lilelile baada ya miaka mitatu au minne. Wazee walingoja kumi, kumi na tano, zaidi. Tunajua sababu: watu wameongezeka, Kisangani inataka muhogo na makala kila siku, na shamba la mbali ni shida kulifikia kwa kinga. Kila gunia linalopanda kinga kwenda sokoni limebeba potasi na fosfori za kijiji, na kinga inarudi na sabuni na chumvi. Halafu mtu anashangaa: mvula iko, jua iko, mbegu ni ileile, lakini muhogo unabaki kama kidole. Na lile pori lililokuwa likirudi kwa miti sasa linarudi kwa nyasi. Shamba likirudi kwa nyasi mara mbili mfululizo, liangalieni sana.

Wakulima wa mchanga

Wapo watu waliolima jangwani miaka mia kadhaa, na cha kushangaza ni kwamba kazi yao inafanana na kazi tunayohitaji.

Huko El Oued, Algeria, watu wa Souf hawakuwa na mto. Wakachimba mashimo mapana kama uwanja mdogo wa mpira, kina hadi mita kumi, wakapanda mitende chini ili mizizi ifikie maji yenyewe. Chini ya mitende wanapanda miti ya matunda, na chini ya miti mboga. Ghorofa tatu za kivuli. Kila kikapu cha mavi ya mbuzi na ngamia kinapelekwa mguuni mwa mtende. FAO iliutambua utaratibu huo mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Na msifikiri hawana matatizo: visima vya kisasa vilipovuta maji mengi kutoka chini kabisa bila mahali pa kuyamwaga, maji yalipanda na kuzamisha mashimo mengi. Mitende ya jangwani ilikufa kwa kuzama.

Saheli, Burkina Faso, mkulima Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023, alijulikana kwa kurudisha uhai wa ardhi ngumu kwa vishimo vinavyoitwa zaï. Wakati wa kiangazi unachimba vishimo vidogo, unatia mavi na takataka, mchwa wanakuja, wanatoboa ardhi, mvula ya kwanza inaingia badala ya kukimbia. Mchwa ambao sisi tunawakumbuka tu wakipata mabawa ya kuliwa, kule ni wafanyakazi wa shamba. Majirani walimcheka Sawadogo mwanzoni. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood.

Niger, upande wa Maradi na Zinder, jambo lilikuwa rahisi zaidi: hawakupanda miti. Waliacha kung'oa machipukizi ya visiki vya zamani vilivyokuwa bado hai ardhini, wakachagua mawili matatu kwa kila kisiki na kuyatunza kama mazao. Kwa muda mrefu miti ilihesabiwa kuwa ya serikali, kwa hiyo mkulima hakuona faida ya kuilinda. Ilipoanza kuhesabiwa kuwa yake, aliilinda. Eneo lililofunikwa tena na miti tangu miaka ya 1980 linakadiriwa kuwa hekta milioni 5.

Na hapa nchini kwetu tunao mfano juu ya mchanga wa Kalahari wenyewe. Mampu, uwanda wa Bateke, mashariki ya Kinshasa, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Kati ya 1987 na 1993 ilipandwa akasia kwenye hekta kama 8,000, kisha ardhi ikagawanywa kwa familia zaidi ya 300, kila moja hekta 25. Akasia inakamata azoti hewani. Baada ya miaka kama kumi mti unakatwa, unachomwa makala, muhogo na mahindi vinapandwa kwenye majani yaliyobaki, na mbegu za akasia zinaota tena zenyewe katikati ya muhogo. Wengine wanauza na asali. Tuseme kweli: akasia haileti fosfori, na kila gunia la makala bado linatoa kitu. Mampu siyo muujiza. Lakini mchanga ambao watu walisema haufai kitu unalisha familia na kuuza makala Kinshasa, na msitu wa asili unaachwa kidogo upumue.

Kabla ya kufyeka

Vyama vinavyojiandaa kufyeka Desemba hadi Februari vinaweza kufanya jambo moja ambalo halihitaji feza. Chimbeni mashimo mawili ya kina cha goti: moja katika shamba linalotakiwa kufunguliwa, moja katika msitu ulio karibu. Pimeni weusi kwa vidole. Kama shamba lina nusu ya weusi wa msitu au chini ya hapo, liacheni, hata kama miti inaonekana mirefu. Mama zetu wanaopanda na kung'oa muhogo wawepo, maana wao ndio wanaojua ni kona gani ilizaa na ni ipi ilidanganya.

Mahali ambapo hamna namna ila kurudi mapema, pandeni mukuna ndani ya mahindi yakishafika magotini, iachwe ifunike ardhi yote baada ya mavuno. Kata matawi membamba yaozee shambani, chomeni yale tu yanayozuia jembe. Visiki vyenye machipukizi visichomwe. Maganda ya muhogo, maganda ya ndizi, pumba za mpunga za mashine ya Isangi zinazotupwa kando ya kinu, vyote ni potasi inayotaka kurudi nyumbani. Majivu ya jikoni yatupwe kwenye mashina ya ndizi na mboga, kidogo kidogo, yasirundikwe mahali pamoja. Hayana azoti, lakini yana potasi na chokaa, na fosfori kidogo. Mifupa ya samaki na ya nyama iliyochomwa na kupondwa ina fosfori ya kweli. Ni fosfati ileile ya Bou Craa, ila haijavuka bahari. Na kama ushirika una uwezo wa kununua mbolea ya dukani, isitupwe juu ya shamba zima. Tia kijiko kidogo kando ya kila mche, pamoja na mboji, ili chuma cha udongo kisiimeze yote.

Vipimo vya mashimo viandikwe katika daftari la ushirika, pamoja na jina la mwenye shamba na mwaka shamba lilipolimwa mara ya mwisho. Monitere akipita ataviomba. Na mashimo yakishapimwa yafukiwe siku ileile. Mbuzi na watoto hawaoni usiku.